Asilimia Thelathini ya Chochote

Fundi Samahani alikuwa na madeni mawili, moja la kudai na moja la kudaiwa. La kudaiwa lilikuja lenyewe mlangoni kila Jumatatu, limevaa kofia, likajikalia kwenye kiti bila kukaribishwa. La kudai lilikuwa na ofisi, gari na mlinzi getini, na halikuwa na tabia ya kutembelea watu.

Jumatatu ile, deni lenye kofia lilikaa kuliko kawaida. Bwana Mbao, mwenye duka la mbao mtaa wa pili, ndiye aliyemkopesha fundi mbao za kutengenezea madawati mia na ishirini ya shule. Miezi saba ilikuwa imepita. Aliitazama karakana, yaani ule uwa wa nyumba ulioezekwa bati, akasimama mbele ya mashine ya randa na kuipapasa ubavuni kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani.

"Milioni moja na laki tisa," alisema. "Mwisho wa mwezi huu. Fedha, au naondoka na hii."

"Samahani, bwana," alisema fundi. "Shule ikinilipa tu, siku hiyo hiyo nakuletea."

"Hayo umeniambia mwezi uliopita."

"Ndiyo. Samahani."

Ndivyo alivyopata jina. Aliwaomba radhi wateja waliochelewa kuchukua makabati yao, akawaomba radhi waliomkanyaga njiani, na siku msumari ulipomtoboa kidole, waliokuwepo wanaapa kwamba aliuomba msamaha. Lakini ufundi wake haukuwa na mjadala. Dawati lake ukilikalia halilii, na kabati lake hufungwa kwa kusukumwa na kidole kimoja.

Mashine ile aliinunua kwa miaka sita ya kujinyima, na sokoni ingeuzwa kwa milioni tatu bila maneno mengi. Ndiyo iliyokuwa chakula, kodi ya nyumba na ada ya binti yao wa darasa la tano. Bila hiyo angerudi kwenye randa ya mkono, kazi ya siku moja iwe ya wiki, na wateja wangehamia kwa wenye mashine. Jambo hilo lilijulikana kwa kila mtu, na kwa Bwana Mbao zaidi ya wote.

Mke wa fundi aliyasikia yote akiwa dirishani, alipokuwa akiuza maji na juisi za baridi kutoka kwenye jokofu lake. Mgeni alipoondoka, aliingia uwani akijifuta mikono.

"Mpigie Mkurugenzi."

"Nilimpigia Alhamisi."

"Akasemaje?"

"Nimpigie Jumatatu."

"Na leo siku gani?"

Fundi aliitazama kalenda ukutani kama vile huenda ingemtetea. Kisha akapiga simu, na mkewe akaisogelea ili asikie.

"Fundi wangu!" ilisema sauti ya Mkurugenzi, mwenye shule, ikiwa imejaa furaha. "Huwezi kuamini, sasa hivi nilikuwa nakuwaza. Suala lako liko mezani kwangu. Nalitazama kwa macho haya."

"Nashukuru, Mkurugenzi. Samahani sana kwa usumbufu."

"Usijali kabisa. Nimekusamehe." Simu ikakatika.

Mkewe alibaki amekodoa macho. "Kakusamehe? Yeye ana milioni nne na laki nane zetu, halafu anakusamehe wewe?"

"Ni namna ya kuzungumza tu."

"Basi kesho tunakwenda kwa mtu anayejua namna nyingine. Tunakwenda kwa wakili."

Fundi alishtuka kana kwamba mkewe kataja jambazi. "Watu watasema tumempeleka mwenzetu mahakamani."

"Mwenzetu yupi? Mwenzetu anapanda gari, sisi tunahesabu misumari."

*

Ofisi ya Wakili ilikuwa ghorofani, juu ya duka la viatu. Kibao chake kilitangaza MADAI YA MADENI NA MAMBO YOTE YA SHERIA, na chini yake mtu alikuwa ameongeza kwa kalamu kwamba picha za pasipoti hupigwa mlango wa pili. Karani aliwapokea bila kuinua uso kutoka kwenye kompyuta.

"Kumwona Wakili elfu thelathini. Kumwona na kuzungumza naye, elfu hamsini."

"Kuna watu wanaokuja kumwona tu?" aliuliza mke wa fundi.

"Wapo."

Walilipa hamsini. Wakakaa kwenye benchi saa mbili, na kwa muda wote huo fundi aliteseka, si kwa kusubiri, bali kwa sababu mguu mmoja wa benchi ulikuwa mfupi. Mwishowe alikunja kipande cha karatasi akakichomeka chini yake. Karani alimwambia kwamba karatasi za ofisi haziguswi.

Wakili alikuwa na sauti nzito ya mtu aliyezoea kusikilizwa kwa malipo. Nyuma yake kulikuwa na vitabu vinene vya jalada jekundu, vimepangwa kwa urefu na havina dalili ya kusumbuliwa. Mke wa fundi alifungua mfuko wa plastiki, akatoa hati ya kupokelea mzigo: madawati mia na ishirini, kila moja elfu arobaini, yamepokelewa yakiwa mazima, sahihi na muhuri wa shule.

Wakili aliushika muhuri ule kwenye mwanga wa dirisha. "Mama," alisema, "hizi ni fedha zilizolala usingizi. Kazi yangu ni kuziamsha tu. Kesi yenu ni nyepesi."

Kesi zote ni nyepesi kabla ya kulipiwa. Fundi na mkewe hawakulijua hilo, wakatazamana kwa matumaini.

"Kufungua faili ni laki tatu," aliendelea Wakili. "Baada ya hapo sitawadai tena senti. Nitachukua asilimia thelathini ya chochote kitakachopatikana."

"Ya fedha zitakazopatikana," alisema mke wa fundi.

"Ya chochote, mama. Sheria haipendi kubanwa."

"Mimi napenda kubana."

"Mke wangu," alinong'ona fundi, "yeye ndiye aliyesoma."

Wakili aliegemea kiti chake, nacho kikatoa mlio wa mlango wa zizi. Fundi alivumilia mlio wa kwanza na wa pili. Wa tatu ulipotoka, alisema samahani, akachomoa bisibisi mfukoni, akapiga magoti nyuma ya meza ya Wakili na kukaza skrubu nne. Wakili alijitikisa kwa majaribio. Kimya.

"Ahsante sana, fundi. Karani, hebu waletee mkataba waweke sahihi."

Na ndivyo mteja alivyoanza kumhudumia wakili wake, bure, saa mbili na dakika kumi baada ya kumlipia mazungumzo.

Laki tatu hazikuwepo nyumbani. Kilichokuwepo ni jokofu. Lilinunuliwa na mwenye duka la ng'ambo ya barabara, aliyelifuata na kaka zake wawili kabla mke wa fundi hajamaliza kulifuta. Kesho yake asubuhi wateja wake walisimama dirishani kwa mazoea, wakaliona limehama, wakavuka barabara. Yeye aliwatazama, akafunga dirisha. Aliumia sana, lakini alijiambia kwamba ni kwa wiki tatu tu, mpaka mwisho wa mwezi.

*

Barua ya madai iliandikwa kwa lugha ya kutisha. Fundi alipewa nakala, akaisoma mara nyingi, hasa pale palipomwita "mteja wetu". Katika maisha yake alikuwa na wateja wengi, lakini hakuwahi kuwa wa mtu.

Siku ya nane karani alipiga simu kwamba majibu yamekuja na Wakili anawataka wote wawili. Walipofika hawakuulizwa elfu hamsini, na mke wa fundi akajua kwamba mambo yameharibika.

Wakili aliwasukumia karatasi moja. Ilikuwa nakala ya risiti. Iliandikwa, kwa mwandiko mzuri wa kulala, kwamba fundi amepokea kutoka kwa shule fedha taslimu milioni nne na laki nane, malipo kamili ya madawati mia na ishirini.

"Sahihi hii ya nani?"

"Samahani, ni yangu."

"Na mwandiko?"

"Wangu pia."

"Ulizipokea fedha?"

"Hapana."

Wakili alivua miwani. "Fundi, hebu nisaidie. Hukupokea, lakini uliandika umepokea."

"Mhasibu wao alisema bila risiti hawezi kuandaa malipo. Lete risiti kwanza, Ijumaa uje uchukue hela. Ofisi zote ndivyo zinavyofanya, Wakili. Hospitali ndivyo walivyofanya nilipowatengenezea milango. Na halmashauri pia."

"Wakakulipa?"

"Wale walinilipa."

"Na huku, Ijumaa ulikwenda?"

"Nilikwenda. Mhasibu alikuwa amesafiri."

Mkewe aligeuka taratibu akamtazama. Miezi saba walikuwa wamelala kitanda kimoja, wakagawana chumvi na madeni, na mumewe hakuwahi kuitaja risiti ile.

"Kwa nini hukuniambia kabla sijauza jokofu?"

"Niliogopa utakasirika."

"Na sasa hivi mimi nikoje?"

Wakili, ambaye hakupenda ugomvi wa nyumbani ofisini mwake isipokuwa umelipiwa kama kesi ya ndoa, alikohoa. "Tusilaumiane. Kesi imekuwa nzito kidogo, basi."

"Ikiwa nzito, malipo yako yanapungua?"

"Kwa kawaida yanaongezeka, mama. Lakini mkataba ni mkataba. Mimi si mtu wa kuwanyonya watu."

Kwa kumtendea haki Wakili, jambo ambalo si jepesi, alikuwa na akili. Aliandika barua ya pili, fupi, akiuliza fedha nyingi kiasi kile zilitoka benki gani na siku gani, na akaomba vitabu vya hesabu vya shule viletwe vikaguliwe. Mkurugenzi alikuwa na sababu zake za kutopenda vitabu vile viguswe na mgeni. Siku mbili baadaye alijileta mwenyewe.

*

Aliingia ofisini kwa Wakili, ambako fundi na mkewe walikuwa wameitwa, amepanua mikono, akamkumbatia fundi mpaka kofia ya fundi ikadondoka.

"Fundi wangu! Ya nini kufikishana huku? Wewe na mimi?"

"Samahani, Mkurugenzi," alisema fundi, na mkewe akamkanyaga mguu chini ya meza.

"Mimi nilidhani sisi ni ndugu. Binti yako ni binti yangu."

"Ndiyo maana muhula uliopita ulimrudisha getini kwa elfu kumi na tano," alisema mke wa fundi.

"Ada ni ada, mama. Ndiyo inayoendesha shule." Mkurugenzi alikaa, akakunja nne, mguu juu ya goti. "Sikilizeni. Mimi sipendi maneno. Mhasibu yule nilishamfukuza, na kama kulikuwa na makosa, yalikuwa yake. Fedha sina, na Mungu ananiona. Lakini madawati yapo. Nayarudisha. Tumalizane kiungwana."

"Madawati?" Mke wa fundi alimtazama Wakili, akamtazama Mkurugenzi. "Tukayafanye nini? Tuna nyumba ya vyumba viwili na mtoto mmoja. Tarehe thelathini tunanyang'anywa mashine. Sisi tunataka fedha."

"Mama," alisema Wakili kwa upole mkubwa, "na risiti ile mezani, mahakamani ni miaka miwili. Kila tukienda kuna karatasi, kuna nauli, kuna kuahirishwa. Kitu kilichopo ni bora kuliko hukumu isiyokuwepo."

"Afungue vitabu vyake. Uliomba vitabu wewe mwenyewe. Aliposikia vitabu ndipo akaja mbio."

Ilikuwa hoja nzuri kuliko zote zilizosemwa chumbani mle, na kwa kuwa haikusemwa na msomi, hakuna aliyeijibu. Mkurugenzi aliweka mkono begani kwa fundi.

"Mwenye dai ni fundi. Tumsikilize yeye. Fundi wangu, kweli unataka mimi na wewe tusimame kizimbani, watu wakitutazama?"

Watu watatu walimtazama fundi. Alijua mkewe alikuwa anasema kweli. Alijua pia kwamba Mkurugenzi alikuwa mwongo, kwa kuwa yeye fundi hakuwa mjinga, alikuwa na aibu tu. Lakini mkono ulikuwa begani, mzito, na mtu mkubwa alikuwa anamwomba kitu mbele za watu.

"Samahani, mke wangu," alisema. "Tuyachukue tu."

Karani alipiga chapa makubaliano kwa kasi ya ajabu. Kwenye mia na ishirini yakatolewa thelathini, ya kubaki shuleni, kwa "uchakavu wa kawaida". Yakabaki tisini, na wote wakaweka sahihi. Mkurugenzi alimpa Wakili mkono kwa muda mrefu kuliko alivyompa fundi. Mke wa fundi alishuka ngazi peke yake, na njia nzima hakumwangalia mumewe.

*

Madawati yalifika Jumamosi, kwa lori ambalo nauli yake, kwa mujibu wa kipengele cha nne, ilikuwa juu ya mpokeaji. Yalijaza uwa, yakapanda ukutani, yakaziba dirisha la chumba. Mashine ya randa ilizingirwa mpaka ikabaki kuonekana mgongo tu.

Juu ya kila dawati watoto walikuwa wameacha habari zao. Kulikuwa na majina, hesabu za kugawanya zisizogawanyika, mpira, moyo uliochomwa mshale, na tangazo kwamba mwalimu mmoja ana miguu ya bata. Fundi aliyapitia kwa kiganja, moja baada ya jingine. Hakuna hata moja lililolegea, na kwa dakika chache, Mungu amsamehe, alifurahi.

Saa sita mchana karani wa Wakili alifika na kigari na orodha.

"Asilimia thelathini ya tisini ni ishirini na saba," alisema.

"Ishirini na saba nini?" aliuliza mke wa fundi, ingawa alishaelewa.

"Chochote kilichopatikana, mama. Kimepatikana hiki."

Karani alianza kuchagua, akitikisa dawati hili na lile. Hakujua anatafuta nini. Fundi alimtazama akigusa lililopinda kidogo, na uzalendo ukamshinda. "Hapana, samahani, hilo acha. Chukua lile la pembeni. Na lile. Mbao zake zilikuwa kavu zaidi." Alimchagulia yote ishirini na saba, akasaidia na kuyapakia.

"Ungemfungia na zawadi," alisema mkewe.

Hayo ndiyo maneno ya kwanza aliyomwambia tangu Jumanne ile ya makubaliano.

Jumatatu binti alirudi kutoka shule sketi imejaa vumbi nyuma. Karibu shule nzima ilikuwa imekaa chini. Wenzake walimwambia ni kwa sababu ya baba yake, na mmoja akamwita Mwizi wa Madawati, jina ambalo lingedumu muhula mzima. Mkononi alikuwa na barua ya kuwataarifu wazazi wote kwamba, "kufuatia kuondolewa kwa samani na baadhi ya watu", kila mzazi achangie elfu ishirini za madawati kabla ya Jumatano.

"Baba, si tunayo hapa?" aliuliza binti.

Fundi alikung'uta vumbi la sketi ile kwa mikono yake, kwa muda mrefu, hata lilipokuwa limeshaisha.

Jumatano darasa la sita likapata madawati. Binti aliyatambua: lile la miguu ya bata lilikuwa mstari wa mbele. Mke wa fundi hakusubiri kusikia zaidi. Alifunga kitambaa kichwani akaenda shuleni kwa miguu, na Mkurugenzi akampokea kwa bashasha.

"Umechelewa kidogo tu, mama! Wakili kakuwahi. Ishirini na saba, kila moja elfu thelathini na tano, nimemlipa taslimu. Mchango wote umeishia hapo."

"Kwa hiyo fedha zilikuwepo."

"Zilikuwepo za wazazi."

"Na sisi ni nani?"

Mkurugenzi alifungua daftari, akashuka na kidole. "Nyinyi bado hamjachangia. Lakini msijali, michango ikiingia tena tutanunua na yenu. Mwambie fundi wangu alete risiti mapema."

Mke wa fundi hakumtukana. Baadaye alijilaumu kwa hilo, maana alikuwa na matusi mawili mazuri sana aliyoyaandaa njiani. Siku ile na kesho yake alizunguka shule nne. Ya kwanza na ya pili zilitaka risiti kwanza. Ya tatu ilitaka kukopeshwa. Ya nne, ya watu wa dini, ilimwombea baraka na kuuliza iwapo yanatolewa kama sadaka. Mwishowe kijana mmoja aliyekuwa akifungua darasa la jioni kwenye banda la gari alinunua manane kwa elfu thelathini kila moja, fedha mkononi. Laki mbili na elfu arobaini zilipelekwa kwa Bwana Mbao siku hiyo hiyo. Alizipokea, akashukuru, akaziandika, na kusema kwamba Ijumaa, tarehe thelathini, iko pale pale.

"Chukua madawati," mke wa fundi alimwambia. "Yapo hamsini na matano. Thamani yake inapita deni."

"Mama, mimi niliuza mbao. Madawati sikuuza."

*

Ijumaa asubuhi Bwana Mbao alikuja na mkokoteni na vijana wawili wa kubeba. Iliwabidi kwanza wahamishe madawati kumi na manane ili waifikie mashine, na Bwana Mbao alilalamika kwamba uwa huu hauna mpango.

Vijana walianza kuzipiga nati kwa nyundo. Fundi alisimama kando akistahimili kwa mapigo matatu, kisha akawasogeza, akaleta spana na mafuta, akazifungua mwenyewe, nne za chini na mbili za nyuma. Alizifunga kwenye kitambaa na kumkabidhi Bwana Mbao. Alimwambia mkanda usikazwe sana na visu vinolewe kila wiki mbili, na Bwana Mbao akaitikia bila kusikiliza, kwani alishapata mnunuzi wa milioni tatu na mnunuzi huyo alikuwa anasubiri.

"Basi, fundi, hatudaiani tena," alisema. "Mimi na wewe tumeachana vizuri."

Mke wa fundi alikuwa amesimama dirishani, pale palipokuwa na jokofu, amejikumbatia mabega. Hakulia. Alikuwa amelia jana.

Mashine ilikuwa nzito kuliko walivyodhani. Vijana waliinyanyua mara mbili na kuirudisha chini. Bwana Mbao alivua kofia, akashika upande mmoja, bado haikutosha. "Fundi, hebu tushikie hapo," alisema, kama mtu anayeomba apitishiwe chumvi. Fundi alishika. Wanne wakaipandisha kwenye ubao uliolazwa kuelekea mkokotenini, vijana wakivuta kutoka juu, fundi kulia, na Bwana Mbao chini kushoto, mahali ambapo mtu asiyejua kazi ndipo husimama na uzito wote humwangukia.

Katikati ya ubao fundi alisimama. Wote wakasimama.

"Elfu arobaini," alisema.

"Nini?"

"Kufungua nati elfu kumi na tano. Kubeba elfu ishirini na tano."

Bwana Mbao alidhani ni mzaha, akacheka kidogo, kisha akaacha kwa sababu kucheka kulimpunguzia nguvu. "Sawa, sawa, nitakupa kesho."

"Kesho hapana."

"Fundi! Sukuma, vidole vyangu vinapondeka!"

"Sasa hivi. Taslimu."

"Jamani, mimi nimeshika mashine, nitatoaje hela?"

Vijana wawili juu ya mkokoteni walitazamana. Nao walikuwa hawajalipwa, na mmoja akaanza kutabasamu. Jasho lilimtoka Bwana Mbao mpaka kidevuni. Fundi alitazama mbele, macho yake yamekuwa mekundu kwa machozi ambayo hakuwa na mkono wa kuyafuta.

Mkewe alitoka ndani. Alipita katikati ya madawati, akasimama mbele ya Bwana Mbao.

"Mfuko gani?"

"Wa shati," alisema Bwana Mbao kwa sauti nyembamba. "Chukua, chukua upesi!"

Alichomoa pochi, akatoa noti nne za elfu kumi, akamwonyesha mwenyewe mwenye pochi, akairudisha mahali pake na kufunga kifungo.

"Zimetimia?" aliuliza fundi.

"Zimetimia."

"Hesabu tena."

Mkewe alimtazama mumewe, kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya ngazi. Kisha akalilowesha dole gumba kwa ulimi na kuanza upya, noti moja moja, bila haraka yoyote.